Bendi ya Luteni Europe Katika Nchi ya Ufaransa



Waliokuwa karibu na redio walisikia muziki wa matarumbeta kwa muda wa dakika moja hivi kabla sijaanza kusema. Wewe unayesoma karatasi hii hukuusikia, kwa hiyo nitajaribu kukueleza. Mwanzo wake ni kama bendi yoyote ya askari: ngoma kubwa inahesabu hatua, na matarumbeta yanaifuata. Halafu, kwa ghafula, tromboni moja inateleza kutoka sauti ya chini mpaka ya juu kama mtu anayecheka, na mpiga ngoma anapiga mahali ambapo hukumtazamia. Mara unajikuta mguu wako unacheza chini ya meza. Muziki huo ulitiwa katika santuri mjini New York mwaka 1919. Wapigaji wake walikuwa wamerudi karibuni kutoka Ufaransa, ambako walikaa zaidi ya mwaka mmoja katika Vita Kuu ya Kwanza. Leo nataka kukusimulia habari za bendi hiyo na za kiongozi wake, Luteni James Reese Europe.

Jina lake lisikupoteze. Kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni Ulaya, lakini mwenyewe hakuwa mtu wa Ulaya. Alikuwa Mmarekani mweusi. Alizaliwa katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama, mwanzoni mwa miaka ya 1880, yaani miaka kama 15 tu tangu utumwa kukomeshwa katika nchi ile. Alipokuwa mtoto wazazi wake walihamia Washington, na huko alijifunza kupiga fidla. Alipokuwa kijana alikwenda New York kutafuta kazi ya muziki.

Kazi ilikuwapo, lakini ilikuwa ya taabu. Matajiri wa New York walipenda sana kuchezewa muziki na watu weusi katika karamu zao, ila wapigaji hao walikodiwa kama vibarua wa siku moja. Walingoja barabarani, hawakuwa na mapatano ya mshahara, na wengine walitakiwa kuosha vyombo au kupeleka vyakula mezani pamoja na kupiga muziki. Mwaka 1910 Europe na wenzake walianzisha chama kilichoitwa Clef Club. Chama kilikuwa na nyumba yake na simu yake. Aliyetaka bendi alipiga simu hapo, akaambiwa bei, na wanamuziki wakaja wamevaa vizuri, kwa kazi ya muziki peke yake. Tarehe 2 Mei 1912 chama hicho kilipeleka wapigaji zaidi ya mia moja katika Carnegie Hall, ukumbi wenye heshima kuliko kumbi zote za muziki mjini mle. Watu weusi walikuwa hawajapata kufanya jambo la namna hiyo mahali pale. Nataka ukumbuke habari hii ya chama, maana inatuonyesha Europe alikuwa mtu wa namna gani. Alipenda muziki, lakini alipenda pia utaratibu, na alitaka mpigaji aheshimiwe kama fundi yeyote mwenye kazi yake.

Mwaka 1916 jimbo la New York lilianzisha kikosi cha askari wa akiba weusi, Kikosi cha 15. Europe alijiandikisha mwezi wa Septemba, akafanya mtihani wa uofisa, akashinda. Alitaka kuwa askari wa kweli katika kundi la bombomu. Mkuu wa kikosi, Kanali William Hayward, Mzungu, alikuwa na haja nyingine. Kikosi hakikuwa na watu wa kutosha, wala fedha, wala hata mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ya kijeshi. Aliona kwamba bendi nzuri ikipita mitaani itawavuta vijana waje kujiandikisha. Basi akamwambia Europe: nifanyie bendi iliyo bora kupita zote katika jeshi la Marekani.

Europe alitoa masharti. Sheria ya jeshi iliruhusu wapigaji 28, naye akasema idadi hiyo haitoshi. Fundi hodari hawezi kuacha mshahara wake wa mjini kwa posho ya askari, kwa hiyo fedha za ziada zinatakiwa. Labda alidhani masharti hayo yatamkatisha tamaa Kanali. Lakini Kanali alikwenda kwa tajiri mmoja, Daniel Reid, naye akatoa dola 10,000. Hapo Europe hakuwa na njia ya kukataa. Wapigaji wa klarineti, ile zumari ya Kizungu, walikuwa haba, basi mwaka 1917 alisafiri kwa meli mpaka kisiwa cha Puerto Rico, akarudi na vijana zaidi ya kumi waliojua kusoma noti. Mmoja wao alikuwa Rafael Hernández, ambaye baadaye alikuja kuwa mtungaji nyimbo mashuhuri katika nchi zote zinazosema Kihispania. Mwimbaji wa bendi alikuwa Noble Sissle, rafiki wa Europe. Francis Eugene Mikell aliwafundisha wapigaji na kuwaongoza kila Europe alipokuwa hayupo.

Sasa kabla hatujavuka bahari, sikiliza jambo lililotokea katika mwezi wa Oktoba 1917. Kikosi kilipelekwa Spartanburg, katika jimbo la South Carolina, kufanya mazoezi ya vita. Sehemu hizo za kusini sheria zilimtenga mtu mweusi katika kila kitu, na wakubwa wa mji walisema wazi kwamba hawawataki askari hao. Siku moja Sissle aliingia katika hoteli kununua gazeti. Alikuwa amevaa nguo za serikali, nguo za askari anayekwenda vitani. Mwenye hoteli alimpiga kofia ikaanguka, na Sissle alipoinama kuiokota, akampiga teke. Askari waliokuwamo ukumbini walisimama kwa hasira, na Wazungu wa kutoka New York walikuwa miongoni mwao. Walikuwa tayari kuivunja nyumba ile. Luteni Europe aliingia, akawaamuru wote watoke nje polepole, wawili wawili, bila kugusa kitu. Wakatii. Halafu yeye mwenyewe akamkabili yule mwenye hoteli, akamwuliza Sissle alikosa nini, naye akajibiwa kwa matusi. Akatoka.

Mtu anaweza kusema kwamba alikuwa mwoga. Mimi nasema kwamba kama wangepigana siku ile, kikosi kingevunjwa na askari wangefungwa, na wale waliosema kwamba mtu mweusi hafai kupewa bunduki wangepata neno la kusema. Wiki mbili tu baada ya kufika, kikosi kiliondolewa Spartanburg. Mwishoni mwa mwaka kilipakiwa katika meli iliyoitwa Pocahontas. Meli hiyo ilikuwa na mkosi: mara mashine iliharibika, mara moto ukawaka, mara ikagongwa na meli nyingine. Mwisho ilivuka.

Kama darasa lako lina ramani ya Ulaya, itazame. Tafuta Ufaransa, kisha tafuta ncha yake ya magharibi inayoingia katika bahari kama pua. Penye ncha hiyo pana bandari ya Brest. Hapo walishuka tarehe 1 Januari 1918. Palikuwa na baridi kali. Bendi ilijipanga gatini ikapiga wimbo wa taifa la Ufaransa kwa kuwaamkia wenyeji. Askari na mabaharia wa Kifaransa waliokuwa karibu walisimama tu wakitazama, mikono chini, na Wamarekani wakastaajabu kuona watu hawauheshimu wimbo wao wenyewe. Sissle alieleza baadaye kwamba zilipita sehemu nane au kumi za wimbo kabla nyuso zao hazijabadilika. Ndipo walipoutambua, wakasimama wima na kupiga saluti. Noti zilikuwa zile zile, lakini mapigo yalikuwa ya Harlem.

Harlem ni mtaa wa New York wanakokaa watu weusi wengi, na ndiko walikotoka wengi wa askari hao.

Walidhani watakwenda vitani mara moja. Sivyo ilivyokuwa. Walipelekwa Saint-Nazaire, bandari nyingine upande wa kusini, wakapewa sepetu. Wakuu wa jeshi la Marekani waliwatumia askari weusi wengi kama makuli: kupakua meli, kutandika reli, kujenga gati, kukausha matope. Mchana kutwa walifanya kazi hizo katika mvua ya baridi, na bendi ilitumika kuwachangamsha waliochoka. Kanali Hayward aliandika barua kwa wakubwa akiomba kikosi chake kipewe kazi ya askari. Wakubwa wa jeshi hawakutaka askari wao weusi wapigane bega kwa bega na Wazungu wa Marekani. Wafaransa, kwa upande wao, walikuwa wamepoteza watu wengi mno katika vita, nao walihitaji askari wa rangi yoyote. Basi mwezi wa Machi 1918 kikosi kizima kilitolewa kwa jeshi la Ufaransa, kama mtu anavyomwazima jirani jembe. Kilipewa namba mpya, 369. Askari walibaki na nguo zao za Kimarekani, lakini bunduki, mikanda na kofia za chuma zilikuwa za Kifaransa.

Kabla ya kwenda mahandakini, bendi ilipata safari. Tarehe 12 Februari 1918, siku wanayomkumbuka Rais Lincoln, ilipiga katika jumba la michezo la Nantes. Sissle aliandika habari za usiku ule, na kwa maandiko yake tunaweza kuuona. Jumba lilijaa Wafaransa na Wamarekani. Bendi ilianza na wimbo wa Kifaransa wa kutembea askari, ikafuata na wa Kimarekani, kisha nyimbo za zamani za mashambani za watu weusi, na watu wakapiga makofi. Mwisho ukaja wimbo uitwao "Memphis Blues," uliotungwa na W. C. Handy. Europe aligeuka, akawatazama wapigaji wake, akashusha mikono. Wapiga ngoma walianza kutikisa mabega. Tromboni zikateleza. Sissle anasema kwamba kiongozi mwenyewe alionekana kama amesahau kuwa yuko mbele ya watu, na ukumbi mzima ukaanza kuyumba pamoja naye, maofisa kwa raia.

Kutoka hapo walivuka nchi kwa treni mpaka Aix-les-Bains, mji wa chemchemi za maji ya moto chini ya milima yenye theluji, upande wa mashariki. Askari wa Marekani waliotoka vitani walipelekwa huko kupumzika. Bendi ilikaa kwa muda wa mwezi mmoja hivi ikipiga kila siku, mchana na usiku. Njiani, kila treni iliposimama katika kituo, waliteremka wakapiga kidogo. Usifikiri kuwa hayo yalikuwa maisha ya starehe. Mpigaji wa tarumbeta hupiga kwa midomo yake, na midomo katika baridi hupasuka. Shaba ikipoa, sauti nayo hushuka, ikabidi vyombo vipatanishwe upya. Noti zililowa mvua. Pamoja na hayo, kila siku Europe aliita mazoezi. Alieleza baadaye, kwa mzaha, kwamba mazoezi hayo hayakuwa ya kuwafundisha wapigaji kuongeza vitu, bali ya kuwazuia wasiongeze mno. Walikuwa na tabia ya kupamba wimbo mpaka mwenye kuutunga asingeujua.

Kuna habari moja ya Sissle ninayoipenda kuliko zote. Katika kijiji kimoja cha kaskazini ambako hawakuwapo askari wa Marekani isipokuwa wao, walipiga wimbo wa namna hii ya Kiharlem. Bibi mmoja wa miaka kama 60 alikuwa amesimama kusikiliza. Mara, mbele ya watu wote, akaanza kucheza, na mchezo wake ulifanana na mchezo uliokuwa ukichezwa New York wakati ule. Hakuna aliyemfundisha. Sissle anasema kwamba hapo ndipo alipoamini kuwa muziki wa Marekani siku moja utakuwa muziki wa dunia.

Wakati huo huo, wanafunzi, huku kwetu Afrika Mashariki vita hiyo hiyo ilikuwa ikipiganwa, na askari na wapagazi walikuwa wakiieneza ngoma ya beni kutoka pwani mpaka bara. Neno "beni" ni hilo hilo la "bendi." Wazee wetu waliiona bendi ya Kizungu, wakaichukua, wakaigeuza mpaka ikawa yao, wakashindana Marini na Arinoti. Basi ukisikia kwamba watu wa Harlem waliugeuza muziki wa askari, usilione kuwa ni jambo geni.

Mwezi wa Machi raha ilikwisha. Kikosi kilikwenda upande wa Champagne, mashariki mwa Paris, na Europe akaachana na bendi. Mikell aliishika. Europe aliingia mahandakini na watu wake wa bombomu, akawa miongoni mwa maofisa weusi wa kwanza wa Marekani kuongoza askari vitani katika vita ile. Wengine walimwambia abaki nyuma na muziki wake, lakini yeye alikuwa amejiandikisha kuwa askari. Usiku mmoja alitoka na Wafaransa kwenda kushambulia handaki la Wajerumani, akipita kile kipande cha ardhi kilicho katikati ya majeshi mawili. Mwezi wa Juni alivuta moshi wa sumu katika mashambulizi ya mizinga, akapelekwa hospitali. Sissle alipokwenda kumtazama, akihofu kumkuta katika hali ya kufa, alimkuta ameketi kitandani ana daftari, anatunga wimbo juu ya doria ile ya usiku. Wimbo huo, "On Patrol in No Man's Land," ulitiwa katika santuri mwaka uliofuata, na ndani yake bendi inaigiza mizinga, filimbi za hatari na bombomu.

Habari za vita vya kikosi sitazisimulia zote, maana hizo ni somo jingine. Yatosha kusema kwamba kilikaa siku 191 mstari wa mbele, na kwamba Ufaransa ilikipa kikosi kizima nishani yake ya vita, Croix de Guerre. Askari mmoja, Henry Johnson, usiku mmoja wa Mei 1918 alipigana na kundi la Wajerumani kwa bunduki na kisha kwa kisu akiwa na majeraha mwili mzima, ili wasimteke mwenzake. Wafaransa walimpa nishani mwaka ule ule. Nchi yake ilimpa nishani yake kubwa kupita zote mwaka 2015, miaka 86 baada ya kufa kwake.

Turudi kwenye muziki. Mwezi wa Agosti 1918, Europe alipokuwa amepona, Kanali Hayward alimwambia aichukue tena bendi yake na kwenda Paris kupiga mara moja tu. Europe alikataa kwanza, akisema kwamba hajaiongoza bendi kwa muda mrefu. Alilazimishwa. Tarehe 18 Agosti walipiga katika Théâtre des Champs-Élysées, na kabla hawajamaliza nyimbo mbili watu walikuwa wamesimama wanapiga kelele. Wakuu wa majeshi waliokuwapo wakasema bendi isiondoke. Ile siku moja ikawa wiki nane. Walipiga mahospitalini, makambini na bustanini.

Siku iliyo kubwa ilikuwa katika bustani ya Tuileries, katikati ya Paris. Bendi nne zilialikwa: ya walinzi wa mfalme wa Uingereza, ya Garde Républicaine ya Ufaransa, ya mfalme wa Italia, na hii ya watu wa Harlem. Europe mwenyewe alikiri kwamba hizo tatu zilikuwa bora zaidi kwa ufundi na kwamba yake isingeweza kulinganishwa nazo. Hata hivyo watu waliziacha wakaja kwake. Alikisia kuwa walikuwa 50,000.

Baada ya hapo mkuu wa bendi ya Garde Républicaine alikuja kumwomba noti za wimbo mmoja. Akapewa. Kesho yake akarudi. Tumeupiga, akasema, lakini hautoki kama wenu. Europe alifuatana naye mpaka kwenye mazoezi, akakuta kweli: wimbo umepigwa vizuri sana, hakuna kosa, na ladha haimo. Akashika chombo akawaonyesha. Wapigaji wa Kifaransa walikuwa wanaamini kwamba Wamarekani wana vyombo vya namna ya pekee. Baadhi yao walikwenda mpaka kwenye mazoezi ya Wamarekani, wakavichukua vyombo mikononi mwao, wakavigeuza na kuvichungulia ndani. Vilikuwa vyombo vya kawaida.

Utauliza, siri ilikuwa nini? Europe aliieleza mwenyewe baada ya vita, naye hakuificha. Mpigaji wa tarumbeta hutia kizibo katika mdomo wa chombo chake, kisha hupuliza kwa nguvu huku ulimi ukizunguka, na sauti hutoka ikitetemeka. Wa klarineti na wengine hubana midomo kwa namna yao. Zaidi ya hayo, hutilia mkazo noti ambayo mwandishi hakuitilia mkazo. Ukitembea, mguu wa kushoto na wa kulia huenda kwa zamu, na bendi ya Kizungu huufuata mguu. Hawa waliupa uzito ule upenyo wa katikati, kati ya mguu na mguu. Katika karatasi huwezi kuliandika jambo hilo kwa urahisi, na ndiyo sababu Wafaransa waliokuwa na karatasi hawakulipata.

Europe aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba alirudi Marekani akiwa na hakika moja: watu weusi waandike muziki wao wenyewe, wasiige wa watu wengine, kwa maana Ufaransa iliwapenda kwa kile kilichokuwa chao.

Lakini sasa nikwambie jambo jingine la mwezi huo huo wa Agosti. Tarehe 7, siku 11 kabla ya ile ya Champs-Élysées, ofisi ya Kifaransa iliyokuwa pamoja na makao makuu ya jeshi la Marekani iliandika waraka wa siri kwa maofisa wa Kifaransa. Waraka uliwaeleza namna Wamarekani Wazungu wanavyotaka watu weusi watendewe. Msile nao. Msiwape mikono. Msizungumze nao nje ya kazi. Msiwasifu kupita kiasi, hasa mbele ya Wamarekani. Waraka huo haukukaa siri. Mwezi wa Mei 1919 ulichapishwa New York katika gazeti la The Crisis, na kila aliyejua kusoma aliusoma.

Yaweke mambo hayo mawili pamoja. Mjini Paris watu wanamshangilia Luteni Europe mpaka sauti zinawakauka, na katika mkoba wa ofisa mmoja mna karatasi inayosema asipewe mkono. Ni kweli kwamba wanamuziki wengi weusi waliipenda Ufaransa, na baada ya vita wengine walikwenda kukaa Paris, katika mtaa wa Montmartre, wakapata kazi na heshima walizozikosa kwao. Ila Ufaransa nayo wakati ule ilikuwa na makoloni, na mtu wa makoloni hayo hakupewa haki za Mfaransa. Kwa hiyo usilichukue kila shangilio kuwa ni haki. Sidhani kwamba Europe alilichukua hivyo.

Tarehe 17 Februari 1919 kikosi kilipita New York katika barabara ya Fifth Avenue, mbele ya umati usio na hesabu. Walitembea kwa safu nene za Kifaransa, bega kwa bega, na bendi ya watu kama 60 ikapiga nyimbo nzito za askari wa Ufaransa. Walipoingia Harlem, Europe alitoa ishara. Bendi ikageuka, ikaanza wimbo wa mjini wa kumpokea baba anayerudi, na wake na mama na watoto wakavunja kamba wakaingia katikati ya askari.

Mwezi wa Machi walianza kutia nyimbo katika santuri za Pathé, na bendi ikaanza safari nyingine, sasa ndani ya Marekani. Tarehe 9 Mei 1919 walikuwa Boston, katika ukumbi wa Mechanics Hall. Mvua ilikuwa ikinyesha, na Europe alikuwa na homa ya kifua. Katika mapumziko alimwita mpiga ngoma wake mmoja, kijana Herbert Wright, kumwonya juu ya tabia yake ya kutoka jukwaani wengine wanapocheza. Wright alisema kwamba anaonewa, kwamba mwenzake anapendelewa. Hasira zikampanda, akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akamchoma kiongozi wake shingoni. Jeraha lilionekana dogo. Walipokuwa wakimchukua kwenda hospitali, Europe alisema muziki uendelee, akamwagiza Sissle ahakikishe bendi iko mbele ya nyumba ya serikali asubuhi saa tatu, kwa maana walikuwa wamepangiwa kupiga hapo. Kabla usiku haujakwisha alikuwa amekufa. Alikuwa hajafika umri wa miaka 40.

Mji wa New York ulimzika kwa maandamano ya heshima tarehe 13 Mei, na mtu mweusi alikuwa hajapata kuzikwa hivyo mjini mle. Wapigaji wake walitembea nyuma ya jeneza, vyombo wamevishika mikononi, hawakupiga. Kaburi lake liko Arlington, makaburi ya mashujaa wa vita. Miezi michache baadaye, katika kiangazi cha mwaka ule ule, Wazungu walishambulia watu weusi katika miji mingi ya Marekani, Washington na Chicago zikiwamo, na wengine waliouawa walikuwa askari waliorudi vitani.

Herbert Wright alifungwa, akatolewa mwaka 1927. Alikaa Boston, katika mtaa wa Roxbury, na katika miaka ya 1930 alikuwa akifundisha ngoma nyumbani. Jirani yake alikuwa mtoto aliyekuwa hawezi kutulia, kila kitu alikigonga kwa vijiti. Wright alimfundisha. Mtoto huyo aliitwa Roy Haynes. Alikuja kuwa mmoja wa wapiga ngoma wakubwa wa muziki wa jazi, akapiga na Charlie Parker na John Coltrane, na akaendelea kupiga mpaka uzeeni. Alikufa mwaka 2024, akiwa na miaka 99.

Muda wetu umekwisha. Waliokuwa na redio watausikia muziki ule mara ya pili. Kwaherini.